Ovaroli Sita Ukutani

"Ishushe kabla watu hawajaanza kuingia."

Mume wangu hakupaza sauti. Akikasirika huwa anaishusha, na hapo ndipo pa kuogopa. Alisimama katikati ya ukumbi wa maonyesho, shati limepigwa pasi, mtoto wetu kamlalia begani, macho ukutani. Pale zilining'inia ovaroli zake sita za gereji. Nilizifumua, nikaziunga upya kwa mkono, zikawa kama pazia moja kubwa. Grisi iliyogoma kutoka niliiacha palepale.

"Nilipokuuliza ziko wapi, ulisemaje?"

"Nilisema zimepata kazi."

"Kazi yenyewe ndiyo hii? Nichekwe?"

"Nani anakucheka?"

"Bado hawajafika. Wakifika wataanza." Akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Mke wangu, mimi nikitoka kazini naoga kwanza ndipo nipite mtaani. Wewe uchafu wangu unauwashia taa."

Hilo lilinichoma, maana taa kweli zilikuwepo.

"Haya ni maonyesho yangu ya kwanza," nikasema. "Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa. Nikiishusha nabaki na ukuta mtupu."

"Na isiposhuka, mimi nabaki na aibu."

Akatoka na mtoto. Wageni wakaanza kuingia. Simu ikatetemeka mkononi mwangu:

"Niko kwenye ngazi. Usinifuate, kaa na wageni wako."

Nilikaa nao, nikicheka kwa meno tu. Punde mama mwenye ukumbi akaja ameshikana mkono na mwanamke mmoja mrefu.

"Mwanangu, huyu ananunua kazi za jumba jipya la sanaa. Anaitaka ile kubwa. Itakaa kwao, watu waje kuiona miaka na miaka."

Moyo ukaruka. Mdomo ukasema, "Bado si ya kuuzwa. Mwenzangu hajakubali."

Mama akanivuta kando. "Wewe, mume akinuna leo kesho atacheka. Mnunuzi akitoka mlango ule hageuki nyuma."

"Najua, mama. Lakini jasho lile siwezi kuliuza peke yangu."

Nikamwandikia mume wangu: "Kuna mtu anaitaka. Nimemwambia asubiri neno lako. Ukikataa, naishusha mwenyewe. Ila njoo kwanza usome kikadi cha pembeni."

Alikuja. Akainama, akasoma taratibu: "Pamba, uzi, grisi, jasho." Chini yake majina yetu mawili, lake likitangulia.

"Jina langu linafanya nini hapa?"

"Wewe ulianza. Mimi nimeshona tu."

"Mimi nilikuwa natengeneza magari."

"Na mimi nilikuwa nafua, nikawa naona. Tazama hapa magotini. Ulikuwa chini ya lile lori niliposhikwa na uchungu. Ukaja hospitali hivyohivyo."

"Nesi akanizuia mlangoni," akasema polepole.

"Nikamwambia nini?"

"Ulimwambia huyo ndiye baba yake, mwache apite."

"Mbele ya wodi nzima. Sikukuonea aibu siku ile, nije nikuonee leo?"

Alimweka mtoto sawa begani. Sikuona uso wake. Yule mnunuzi akasogea kwa adabu.

"Samahani, shemeji. Mkikubaliana, tungeipeleka kwanza ikasafishwe. Hasa haya madoa ya magotini."

Mume wangu akageuka. "Hayo?"

"Ndiyo."

"Dada, hayo hayaguswi. Mkiyafua, tunaifungasha tunarudi nayo nyumbani."

Tunaifungasha, alisema. Nikainamisha kichwa nisionekane ninavyotabasamu.

Mnunuzi akayatazama tena yale magoti, safari hii kwa muda mrefu. "Basi hayataguswa. Nakuahidi."

"Hapo sawa." Akanitazama. "Na wewe umeridhika?"

"Nimeridhika."

Akanikabidhi mtoto, akanyoosha kola, akaenda kusimama kando ya ukuta, kifua mbele. Mzee mmoja mwenye miwani akamsogelea.

"Kijana, wewe ndiye msanii mwenyewe?"

"Mmoja wao," mume wangu akajibu, akaninyooshea mkono. "Mwingine yule pale, mke wangu. Ngoja nimwite akueleze."