Damu ya Chupa ya Pili

Barua ilifunguliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, saa nne kasorobo asubuhi, katika ofisi ya Daktari Hilali kwenye hospitali ya misheni nje kidogo ya Kibondo. Saa nne na nusu Sajini Athuman alikuwa amekwisha kufika kwa baiskeli, jasho likimtiririka, na daktari bado alikuwa anaisoma ile karatasi kana kwamba maneno yake yangebadilika.

"Afande, kuna mtu kanichezea," alisema daktari. "Januari nilipeleka chupa mbili za damu kwenye maabara ya Ulaya. Ya kwanza ya Theodosia, ya pili ya mumewe, Bazilio. Leo wananijibu kwamba chupa ya pili ni damu ya mwanamke."

"Kumbe damu nayo ina kike na kiume?"

"Ndani ya chembe zake kuna vijiuzi vinavyoitwa kromosomu. Vya mwanamume na vya mwanamke havifanani. Mtaalamu akivitazama kwa darubini hakosei."

Athuman alivua kofia. Kesi hii aliijua kuliko alivyopenda kuijua. Tharsisi, mwana wa kwanza wa Bazilio na Theodosia, alikufa Septemba kwa uvimbe kichwani, akiwa na miaka sita. Ukoo wa Bazilio ukaamua kwamba damu ya mama ndiyo mbovu, na Oktoba wakamrudisha Theodosia kwao Kasulu. Binti yake mdogo, Anastazia, wakambakiza. Aliyempandisha Theodosia kwenye basi, kwa amri ya wakubwa wake kituoni, alikuwa Athuman mwenyewe. Hata sanduku alimbebea. Tangu siku hiyo alikuwa hapiti stendi bila kugeuza uso, na alijua kwamba aibu hiyo aliistahili.

Theodosia hakukaa kimya. Alikwenda mahakama ya mwanzo kumdai mtoto wake, na hakimu, mtu asiyependa kubahatisha, akaahirisha kesi mpaka damu za wazazi wote wawili zipimwe. Kesi ilikuwa isikilizwe Ijumaa hiyo. Jibu la uongo lingeweza kumnyima mama mtoto wake moja kwa moja.

"Damu ya Theodosia inasemaje?"

"Haina kasoro yoyote. Ni kundi B. Chupa ya pili ni kundi O, na wanasema lebo yake ilikuwa imeng'olewa mahali pengine ikabandikwa kwa plasta ya vidonda. Kuna ukurasa mwingine kuhusu kile kipande cha uvimbe alichotolewa marehemu. Huo niachie niusome taratibu."

Saa sita Athuman alimkuta Bazilio kwenye shamba lake la mihogo.

"Mwakeye, Bazilio," alimsalimu kwa Kiha. "Januari ulimtuma nani akatolewe damu badala yako?"

"Mwakeye, Afande. Nimtume nani tena? Nilichomwa sindano mimi mwenyewe, Melkiadi wa maabara ni shahidi. Kama kuna mchezo, muulizeni Theodosia. Yule mwanamke ana maneno matamu."

"Damu iliyokutwa ni O. Yake ni B."

Bazilio alitema mate pembeni. "Mimi ndiye O. Walinipima tulipokuwa tunamtolea mtoto damu. Nimo kwenye daftari lao."

Alisema "mtoto" kwa sauti ya chini, kisha akainama akaendelea kulima. Athuman alimwamini, ingawa hakumpenda.

Basi akabaki Melkiadi. Saa tisa alasiri mtumishi huyo wa maabara alikaa ukingoni mwa kiti, na Athuman akaona mambo yamekwisha.

"Ulichanganya damu ya Bazilio na ya mgonjwa mwingine, sivyo?"

"Haiwezekani, Afande. Chupa zile si za hapa. Zina dawa ya kuzuia damu isigande, na vifuniko vya kijani. Zililetwa tatu tu. Nilitumia mbili."

"Ya tatu iko wapi?"

Melkiadi alijifuta uso. "Ilipotea siku ileile, tarehe 12 Januari. Sikusema. Ningefukuzwa kazi."

"Umekaa miezi miwili na jambo hili tumboni! Damu uliitoa saa ngapi, na gari iliondoka saa ngapi?"

"Niliitoa saa mbili. Gari ya Kigoma iliondoka saa sita. Katikati nilikuwa kliniki ya kifua kikuu. Funguo ya maabara huwa naiacha wodi ya watoto."

Athuman alikwenda kukaa kwenye benchi la nje kufikiri. Hili halikuwa kosa la bahati mbaya. Mtu alichukua chupa ya tatu, akatia damu nyingine, akaihamishia lebo ya Bazilio kwa plasta, na plasta hukaa wodini, si maabara. Mtu huyo aliweza kupata mshipa kwa sindano. Tena alichagua damu ya kundi O makusudi, ili makundi yakilinganishwa mtu asishtuke. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakujua kwamba damu inaweza kumtaja mwanamke.

Jumatano asubuhi alifungua daftari la ndugu waliojitolea damu. Wanawake wa kundi O walikuwa watatu. Mmoja alikwisha fariki. Wa pili alikuwa mkulima wa Munanila, na Januari nzima alikuwa kwake amejifungua. Jina la tatu lilimfanya alifunge daftari, akalifungua tena. Kisha akaomba orodha ya zamu ya tarehe 12 Januari. Jina lilikuwa lilelile.

Alhamisi, saa nane mchana, aliwakusanya ofisini kwa daktari: Bazilio, Melkiadi, na Epifania, muuguzi wa wodi ya watoto, dada mkubwa wa Bazilio. Ndiye aliyekuwa akimlea Anastazia tangu Oktoba.

"Dada Epifania," alisema Athuman, "funguo ya maabara ulikuwa nayo wewe. Plasta unayo, sindano unaijua, na damu yako ni O. Nataka niambiwe sababu tu."

Epifania aliitazama mikono yake. Alikuwa amewashika mikono watoto wengi wa Kibondo wakati wa homa, na hakuna mtu mle ndani aliyefurahi kumsikia.

"Tulifundishwa kwamba O ni O," alisema. "Sikujua kama kuna zaidi. Bazilio, kabla hujazaliwa tulikuwa na kaka wawili. Walianza kutapika kila asubuhi, wakawa wanayumba kama walevi, macho yakapinda. Wote wawili wakafa. Mama alituapisha tusiseme, tusije tukaitwa ukoo wa vichwa vibovu, tukakosa wa kutuoa. Niliogopa damu yako ingesema. Yangu niliiamini. Nina miaka arobaini na tano na kichwa hakijaniuma."

"Ukaacha mke wangu afukuzwe?" Bazilio aliuliza.

"Mlimfukuza ninyi. Mimi nilinyamaza."

Daktari Hilali alikunjua ule ukurasa wa mwisho. "Sikilizeni. Kromosomu zilizovunjika zimo ndani ya uvimbe tu. Damu ya mama haina kasoro hiyo. Ya baba hatuijui, na hata tungeipima, huenda pia isingekuwa nayo. Mara nyingi vijiuzi hivi huvunjika humohumo kichwani mwa mtoto, bila mtu yeyote kumrithisha. Huenda ulificha kitu ambacho hakikuwepo, Epifania."

Alivua miwani. "Lakini wale kaka zenu ningetaka kuwajua. Tharsisi alipokuwa akitapika nilimtibu minyoo miezi mitatu. Ningeambiwa, ningempeleka Dar es Salaam mapema. Sisemi angepona. Nasema ningempeleka. Dalili ulizitambua lini?"

"Juma la kwanza," alisema Epifania.

Bazilio alitoa sauti ambayo haikuwa neno, akatoka nje. Melkiadi alianza kulia, na Athuman akaona aibu kwamba juzi alikuwa karibu kumtia pingu.

Ijumaa hakimu hakuchukua hata nusu saa kuamua mtoto arudishwe kwa mama yake. Athuman alikuwa amekwenda mwenyewe Kasulu usiku uliotangulia kumleta Theodosia, na njiani alimweleza kila kitu, pamoja na habari ya miezi mitatu ya dawa ya minyoo. Theodosia hakulia. Aliuliza tu kama mtoto anakula vizuri.

Saa saba mchana walifika nyumbani kwa Epifania, ambaye alikuwa ameruhusiwa kufunga nguo za mtoto kabla ya kupelekwa kituoni. Anastazia, miaka miwili sasa, alikuwa anacheza na magunzi mlangoni. Theodosia alipiga magoti, akafungua mikono.

Mtoto alimtazama mgeni huyo. Kisha akakimbia, akajificha nyuma ya sketi ya Epifania, akiita, "Senge! Senge!" Ndivyo Waha wanavyomwita shangazi.

"Nenda," alisema Epifania, akijitahidi kuvifungua vile vidole kwenye sketi yake. "Huyu ndiye mama yako. Nenda, mwanangu."

Athuman alisimama uani na kofia mkononi. Alitafuta neno la kusema, akapata moja tu.

"Nisamehe, Mama Tharsisi."

Theodosia hakugeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kubembelezea watoto, na mtoto alikuwa anazidi kulia.