Futi Mbili za Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya kina Wawira katika mtaa wa Majimbo, mjini Embu, ilipinduliwa juu chini. Mama yake hakuwa mtu wa kufagia panapoonekana tu. Viti vilivutwa hadi katikati ya sebule, vitambaa vya kufuma vikavuliwa ili vifuliwe, na kabati kubwa lenye vikombe na picha za arusi likasogezwa mbali na ukuta ili sakafu ioshwe na kupakwa rangi nyekundu. Sakafu ikishakauka, kila kitu kilirudishwa kugusa ukuta, kwa sababu sebule yenyewe ilikuwa ndogo na katikati palikuwa pa wageni. Kiti kikiachwa nje ya mstari hata kidogo, mlango ulikigonga.

Wawira alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, naye aliijua kazi hiyo ya Jumamosi tangu aweze kushika kitambaa. Kumbukeni jambo hilo, maana baadaye alijifanya halijui.

Nyanya yake, Cucu Ciarunji, alikuwa amehamia kwao kutoka Runyenjes baada ya Pasaka, miguu yake ilipoanza kumkatalia kupanda mlima wa kwenda shambani. Alikuja na mfuko wa nguo, Biblia na kaseti moja iliyofungwa ndani ya leso. Ndani ya kaseti hiyo kulikuwa na sauti ya marehemu mumewe, babu yake Wawira, Guka Nyamu, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa kwa miaka mingi.

Jioni nyingi Cucu aliwasimulia habari ya wimbo wa tatu. Kabla ya wimbo huo Guka alinyamaza kidogo, kisha akamwita mkewe mbele ya kwaya nzima: "Ciarunji, anzisha." Naye Cucu aliinua sauti ya kwanza, wengine wakamfuata. Wote wawili walikuwa ndani ya kaseti hiyo. Lakini spika za zamani zilikuwa zimetafunwa na panya huko Runyenjes, na ilikuwa imebaki mashine ya kucheza kaseti tu, isiyo na mahali pa kutolea sauti.

Jumapili ya wiki mbili mbele ungetimia mwaka mmoja tangu Guka afariki. Wanajumuiya wa kanisa wangekuja kuomba sebuleni. Cucu aliomba kitu kimoja tu, asikie akiitwa tena. Masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, na alisema hataki kungoja hadi yalale kabisa.

Baba yake Wawira, Ndwiga, alikuwa fundi wa mabomba, na wiki hizo alishinda Manyatta akitandaza mabomba ya maji. Alimjua mwanamke mmoja karibu na soko la Embu, Fundi Phyllis, aliyetengeneza redio na kuuza spika za kujiundia. Unapewa mbao zilizokwisha kukatwa, spika zenyewe, nyaya na gundi, kisha unaziunganisha mwenyewe nyumbani. Wawira alikuwa na mikono mizuri. Ndiye aliyekuwa ametengeneza pasi ya jirani na taa ya darasani kwao. Kwa hiyo baba yake akamwachia kazi yote.

"Wewe ndiwe fundi wa hii nyumba," alimwambia. "Msikize Phyllis vizuri, na akikuuliza kitu umjibu ukweli."

Kibandani kwa Phyllis kulikuwa na seti mbili za kuchagua, na bei zilikuwa sawa. Ya kwanza ilikuwa na visanduku vidogo vilivyozibwa pande zote. Ya pili ilikuwa na visanduku virefu, spika pana, na tundu la mviringo upande wa nyuma. Phyllis alimwekea ya pili wimbo mmoja ili asikie. Sauti nzito ilimtetemesha Wawira kifuani, naye akaipenda papo hapo. Akamfikiria rafiki yake Mwendwa, ambaye kwao kulikuwa na redio kubwa iliyosikika mpaka barabarani, na ambaye hakuacha kumkumbusha.

Phyllis akazima wimbo. Alimweleza kwamba hilo tundu la nyuma hutoa upepo na sauti nzito, na sauti hiyo ikikaribiana sana na ukuta hurudi ikiwa imevimba, ikayameza maneno. Anayetaka kusikia mtu akizungumza, na kabati lake limegusa ukuta, achukue visanduku vilivyozibwa.

"Sasa enda upime," alisema. "Kutoka nyuma ya kabati mpaka kwa ukuta ni kiasi gani? Ikiwa ni zaidi ya futi moja, chukua yoyote. Ikiwa ni chini ya hapo, usinibishie, chukua hii ndogo."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Wawira alirudi nyumbani akakuta kabati liko katikati ya sebule, na sakafu nyekundu inang'aa kwa unyevu. Alichukua futi ya baba yake, akapima kutoka nyuma ya kabati mpaka ukutani, na akapata futi mbili kamili. Alijua vizuri kwamba baada ya saa chache mama yake angelisukuma kabati hadi ligonge ukuta. Akajiambia kwamba ameambiwa apime, naye amepima.

"Futi mbili," alimwambia Phyllis aliporudi kibandani.

Phyllis alimtazama. "Sebule za Majimbo nazijua. Una uhakika?"

"Nimepima kwa futi."

Futi haikusema uongo. Aliyeusema ni yeye.

Wiki nzima iliyofuata Wawira alifanya kazi kwa bidii ambayo ingemstahili mtu mkweli. Alipiga mbao za visanduku virefu msasa, akapaka gundi na kuzibana kwa kamba, akaunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa huku mama yake akimwonya asiunguze kitambaa cha meza. Mwendwa alipopita kutazama, Wawira alimwonyesha upana wa spika kwa kiganja. Ijumaa alasiri visanduku vyote viwili vilikuwa juu ya kabati, vimepakwa vanishi, migongo yake ikikaribia kugusa ukuta. Baba alikuwa amerudi mapema. Cucu aliketi karibu na dirisha, amejifunga leso safi kana kwamba anakwenda kanisani, mikono ameiweka magotini.

Baba akaweka kaseti.

Sauti ilivuma. Vikombe vililia kabatini. Kwaya ilikuwepo, hilo lilijulikana, lakini ilisikika kama watu wanaoimba ndani ya pipa. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Kisha kukawa na mngurumo mfupi, na wimbo wa tatu ukaanza. Cucu hakufungua kinywa. Aliinama mbele akangoja, na wimbo ukaisha akiwa bado anangoja.

"Ameniita?" aliuliza.

Baba na Mama walitazamana. "Nadhani amekuita, Cucu," Mama alisema kwa upole, "lakini hata sisi hatukusikia vizuri."

Cucu alitikisa kichwa. "Nyinyi mnanihurumia. Ni masikio yangu. Yamekwisha." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja mvua iliyokwisha kunyesha. Kisha akaomba kaseti itolewe, akaifunga tena ndani ya leso. Alisema Jumapili atampa mwenyekiti wa jumuiya aipeleke Runyenjes, kwa vijana wa kwaya, wenye masikio.

Wawira alitaka kusema neno. Badala yake akakunja nyaya zilizobaki. Usiku alikula vijiko viwili vya githeri na kusukuma sahani, na mama yake akadhani ana homa.

Jumamosi hali ilizidi kuwa mbaya. Jirani alipomsalimia Cucu mlangoni, Cucu alimwambia apaze sauti, kwani sasa yeye ni kiziwi. Jana yake alikuwa akizungumza na jirani huyohuyo bila taabu. Alipoulizwa kama anataka chai, alitazama kinywa cha Mama badala ya kusikiliza. Mtu akikwisha kuamini kwamba haoni, hata njia ya kwao humpotea. Wawira aliyaona yote hayo. Nyanya yake alikuwa akiyalaumu masikio yake kwa kosa la mjukuu.

Mchana Mama alikwenda sokoni, na Cucu akalala kidogo chumbani. Kabati lilikuwa limesharudishwa ukutani. Kabla Cucu hajalala, Wawira alikuwa amemwomba ile kaseti, akidai anataka kuifuta vumbi, na huo ukawa uongo wa pili. Uongo wa kwanza haukai peke yake. Alivishusha visanduku vyote viwili, akaviweka juu ya stuli katikati ya sebule, mbali na ukuta, kisha akacheza kaseti kwa sauti ya chini.

Wimbo wa pili uliisha. Akasikia mtu akikohoa, kiti kikiburuzwa, halafu sauti ya mzee, taratibu, yenye tabasamu ndani yake: "Ciarunji, anzisha."

Wawira aliizima mashine. Alikaa sakafuni, kwenye rangi mpya ya sakafu, akalia mpaka gauni likashika wekundu. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na siku hiyo mjukuu mwenyewe alikuwa ameketi hapo sebuleni.

Baba ndiye aliyemkuta. Alitazama stuli, akatazama ukuta, akauliza kuna nini. Wawira alimweleza kila kitu, hata habari ya Mwendwa na redio yao. Alitegemea kupigwa au kukaripiwa. Baba aligusa tundu la nyuma kwa kidole.

"Mimi ningeweza kusamehe spika," alisema. "Ni mbao na waya. Lakini mama yangu ameenda kulala akijua yeye ni kiziwi. Hilo utalirudisha wewe mwenyewe. Kwanza twende kwa Phyllis."

Kibanda kilikuwa kinafungwa walipofika. Baba alisimama nje, akamwacha Wawira aingie peke yake na kusema kwa kinywa chake. Phyllis alimsikiliza akikunja waya. Alisema visanduku vimekwisha kugundishwa na hawezi kuvirudisha, lakini dawa ipo. Wakate sponji ya godoro kuukuu, walizibe lile tundu la nyuma mpaka upepo usipite, kisha wavisogeze visanduku hadi ukingo wa mbele wa kabati. Sauti nzito itapungua sana.

"Ile ya kutetemesha kifua utaikosa," alimwambia. "Utabaki na maneno."

"Ni maneno tunayataka," Wawira alisema.

"Hata Jumamosi iliyopita ni maneno mlikuwa mnayataka. Mimi nafanya kazi na kile mteja ananiambia, Wawira. Ukinidanganya, mikono yangu inadanganya pia."

Sponji ilikatwa jioni hiyohiyo. Lakini kazi ngumu ilikuwa imebaki. Wawira aliingia chumbani kwa Cucu, akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza kwa sauti ya kawaida, bila kupaza. Alisema alipima wakati kabati limevutwa, na kwamba alijua. Alisema masikio ya Cucu hayana kosa. Aliomba msamaha.

Cucu alisikia kila neno. Alimtazama kwa muda, kisha akaangalia pembeni.

"Siku mbili hizi nimekuwa nikimuaga Guka wako mara ya pili," alisema. Hakumgusa kichwani kama alivyozoea. Wawira alitoka akijua kwamba kusema ukweli si sawa na kupanguza vumbi, ambapo ukifuta mara moja pameng'aa.

Jumapili alasiri wanajumuiya waliijaza sebule. Viti vilikuwa vimegusa kuta, kabati limegusa ukuta, vitambaa vyeupe viko mahali pake. Mwendwa na mama yake walikuwa wameketi karibu na mlango. Baada ya sala, Baba aliweka kaseti. Kwaya ilisikika nyembamba, bila kishindo, na Mwendwa akanong'ona kwamba spika hizi hazina nguvu kama redio yao. Wawira alimjibu kwamba ni kweli.

Wimbo wa pili uliisha. Mtu alikohoa. Kiti kikaburuzwa. Cucu alifumba macho.

"Ciarunji, anzisha."

Kabla sauti ya ujana wake haijatoka spikani, Cucu alikuwa amekwisha kuanza. Sauti yake ilikwaruza na kuyumba, lakini iliushika wimbo, na sekunde moja baadaye sauti yake ya zamani ikajiunga naye. Wazee wa jumuiya walisimama mmoja mmoja wakaitikia. Mama alijifuta macho kwa kitambaa cha kiti, kitambaa ambacho mtu mwingine yeyote angekigusa angekaripiwa.

Wageni walipokwisha kwenda, Cucu alimwita Wawira, na safari hii akamwekea mkono kichwani.

"Mjukuu wangu, njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako ilikuwa futi mbili tu, na ungepita humo ukanipokonya masikio yangu. Ukipewa kazi ya kupima, pima mahali kitu kitakaa, si mahali unapenda kikae. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako akidhani ni wake."

Kisha akaufungua mkono wa Wawira, akaweka ile kaseti ndani ya kiganja chake, na kumwambia ailinde na panya.