Sauti ya Aliyeuliza

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na droo yake ya pili ilikuwa tupu. Kitasa hakikuvunjwa. Hakuna kioo kilichopasuka wala karatasi iliyodondoka sakafuni. Mwizi huyu, yeyote aliyekuwa, aliiba kwa adabu zake zote.

Inspekta aliinama, akachungulia, akasimama mkono kiunoni. Pale kituo cha polisi walimwita Shangazi, kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayemchunguza mchumba wa mtoto wa kaka yake: taratibu, kwa tabasamu, mpaka mtu anajikuta ameshayamwaga yote.

"Kimeibwa nini hasa?"

"Kanda nne za sauti na mashine moja kuukuu ya kuzisikilizia," alijibu Profesa, mkurugenzi wa Kituo cha Utafiti wa Nchi Jirani hapo chuo kikuu. "Ni mazungumzo na wazee wa mpakani. Ijumaa tunafungua maonyesho, wageni wameshaanza safari, na sasa tumeumbuka."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na katibu wangu." Akashusha macho. "Sipendi kumsema mtu."

"Lakini?"

"Lakini mimi sikuchukua."

Koplo aliyekuja naye alibaki akipuliza unga wake mweusi kutafuta alama za vidole. Inspekta akatoka koridoni, akasimama mbele ya ubao wa habari. Mhadhara wa Alhamisi. Masomo ya lugha za jirani kwa wanaoanza. Picha ya mabingwa wa kigeni wakikata utepe huku wamekunja ndita kwa jua. Na pembeni, ndani ya fremu nyeusi, msichana anayecheka, kinasa sauti begani. Alikuwa na paji la uso la Profesa, hata kipofu angeona.

Inspekta alimkuta fundi wa sauti chumba cha mwisho, kavaa vipokea sauti shingoni.

"Kanda zikikufikia unazifanyaje?"

"Nazihamishia kwenye kompyuta. Halafu nakata maswali yote, anabaki mzee peke yake akisimulia. Kisha kanda inafutwa, inarekodiwa nyingine. Hela za kununua mpya hakuna."

"Maswali unayakata ya nini?"

"Kanuni ya Profesa hiyo. Anasema mwulizaji akisikika, utafiti umeharibika."

"Hizi nne zilihusu nini?"

"Moja biashara ya chumvi. Moja vita. Nyingine mafuriko, na ile ya nne harusi za zamani. Hazina udugu kabisa, Afande."

"Aliyeuliza ni nani?"

Fundi akavua vipokea sauti, akaviweka mezani.

"Binti yake Profesa. Marehemu. Gari lilipinduka akirudi huko huko mpakani. Nilikuwa nizikate leo asubuhi, nikakuta kabati liko wazi, ndipo nikawapigia simu."

Katibu alikuwa mezani kwake akichapa jarida la habari la kituo. Mama mtu mzima, kitambaa kimefungwa vizuri, macho makavu.

"Ufunguo wako, Mama?"

"Huu hapa."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Peke yangu. Mjane atamtoa wapi shahidi?"

"Profesa anakushuku."

Vidole vyake vikasimama juu ya mashine ya kuchapia.

"Ana haki ya kunishuku. Mume wangu naye alikuwa mtafiti hapa. Alipofariki nilimwomba Profesa aniachie kanda moja tu. Sikutaka wazee wake, nilimtaka mume wangu akiuliza. Hata akikohoa tu, mimi ningeshukuru. Akaniambia sauti ya mwulizaji ni kelele, na kanuni haina ndugu. Ikafutwa. Wakati ule ningeweza kuiba, Afande. Sasa nitaiba nini?"

Inspekta aliyekwishasikia vilio vya kila aina alijikuta anatazama pembeni.

Nje, koplo alikuwa ameshakata shauri. "Kisasi hicho, Afande. Kanyimwa sauti ya mumewe, na yeye kamnyima baba sauti ya bintiye. Tumchukue."

"Hebu tumia kichwa, mwanangu. Mwenye kisasi angekaa kitako, akamwachia fundi azifute leo. Aliyeziiba kaziokoa."

"Basi ni Profesa? Mbona yeye ndiye bosi? Si angetoa tu amri zisikatwe?"

"Amri za kituo hiki anachapa nani?"

Koplo akautazama mlango wa katibu.

Inspekta hakubisha hodi kwa Profesa.

"Mwizi tumempata. Ni katibu wako. Koplo anampeleka rumande sasa hivi."

Profesa akainuka nusu, akakaa tena, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Mwacheni," alisema. "Mwacheni mama wa watu."

"Kwa nini?"

Akavuta begi chini ya meza, akalifungua. Kanda nne zilikuwa zimeviringishwa ndani ya sweta la kike, na mashine pembeni yake.

"Ulimsingizia makusudi?"

"Sikumtaja, mkafika wenyewe. Najua, ni yale yale. Mwanangu alikuwa na homa. Aliniomba safari isogezwe. Nikamwambia maonyesho hayasubiri homa. Nimemuua mimi, Afande, halafu nilikuwa nimkate tena kwa kanuni yangu. Ningemwambia nini huyu mama? Achape barua ya kumnusuru mwanangu, yeye aliyenililia hapa hapa nikamfukuza?"

"Umezisikiliza?"

"Usiku kucha. Kuna mahali mzee anamuuliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?' Anacheka. Anasema, 'Wa baba yangu.' Halafu anaendelea na maswali ya chumvi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hapo ndipo pangekatwa."

Inspekta akageuka kumwita koplo. Katibu alikuwa amesimama mlangoni, na kwa jinsi alivyosimama, alikuwa pale muda.

"Nisamehe, Mama," alisema Profesa.

Mama aliingia, akaisogelea meza, akaitazama mashine.

"Ukiiwasha, anasikika vizuri?"

"Vizuri."

"Mpaka pumzi?"

"Mpaka pumzi."

Katibu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari njema ya nyumba ya jirani.

"Mimi wangu nimeshaanza kumsahau sauti, Profesa. Nakumbuka maneno yake, lakini yananijia kwa sauti yangu mwenyewe."

Alisema bila hasira yoyote, na hapo ndipo mzee wa watu alipolaza kichwa juu ya meza yake akalia.