Moto Aliouahidi Kakule

Mwaka ule wa sabini na sita, watu wa Kikuubo, soko la Kampala, walikuwa wamejifunza kuongea chini chini kwa kuogopa wanajeshi. Zubaida hakujifunza. Alivaa kitenge cha njano, akakaa mbele ya duka lake la nguo na kuwatania wateja mchana kweupe.

"Mama, blanketi hili bei gani?" kijana mmoja aliuliza.

"Mama! Nilikuzaa lini, wewe Mkongo? Na blanketi la nini kwa joto hili?"

"Mlimani kuna baridi. Natazama vyuma vinavyozunguka angani, nijue kipi kitaanguka na lini."

"Toka hapa, mwongo mkubwa!"

Wala hakuwa mwongo. Kijana huyo, Kakule, alikuwa fundi wa kituo cha darubini, juu ya mlima nje ya mji. Tangu siku hiyo simu ya duka haikupumzika.

"Malaika wangu, Ijumaa magharibi utoke nje. Kipande cha satelaiti kitapita juu yako kikiungua. Nimekupa wewe."

"Banange, jamani! Wenzangu wanapewa viatu, mimi napewa moto?"

Lakini raha ilimzidi. Akajigamba kwa majirani, akajigamba hata kwa mjomba wake Abudu, sajenti wa jeshi. Ijumaa moto ukapita kweli, mrefu, mwekundu, bila sauti hata kidogo. Soko zima liliganda vichwa juu, mbwa nao kimya. Kesho yake wanajeshi wakamchukua Kakule.

Wiki iliyofuata walimrudisha kituoni, na simu ya duka ikalia.

"Uliniuza kwa mjomba wako," Kakule alisema, akakata.

Zubaida alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akafunga duka, akapanda mlima kwa njia ya nyuma, maana barabarani palikuwa na askari. Alimkuta Kakule amekonda, jicho moja limevimba.

"Sikukuuza, mpenzi. Nilikuwa najisifia wewe. Mdomo wangu huu! Nisamehe."

Kakule akamvuta kifuani. Alikuwa na hamu naye mno.

"Wakubwa wa jeshi wanataka niuite tena ule moto. Nikasema hauitwi, wakanipiga. Nikawadanganya utakuja Jumapili magharibi."

"Na Jumapili kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepiga hesabu mpaka nimechoka. Usipotokea wataniua."

"Sasa tunangoja nini hapa? Twende kwenu Kongo."

"Uache duka? Uache ndugu zako?"

"Nioe, acha maswali. Padri na shehe watagombana wenyewe."

Kakule alicheka, jicho likamuuma. Wakateremka kwenye majani marefu, wakapata lori la vitunguu.

Jumapili jioni walikuwa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wakila muhogo wa kuchoma. Zubaida alikuwa akimtania jinsi alivyotapika njiani. Ghafla uso wa Kakule ukawa mwekundu, na ukuta nyuma yake pia. Waligeuka. Moto mrefu ulikuwa unapita juu yao bila sauti, ukielekea Kampala.

"Si ulisema hakuna?"

"Hakuna, Zubaida. Naapa hakuna kitu pale." Kakule alisimama. "Mwongo wangemsahau. Sasa wameamini kwamba nauita. Watanitafuta mpaka wanipate."

Zubaida aliutazama ule moto mpaka ulipozama nyuma ya milima. Aliogopa, aliogopa sana. Akaweka muhogo chini, akamshika mkono.

"Basi tusilale hapa," alisema.