Mlango Ukifungwa, Yabaki Humu

Mapenzi mengine huanza kwa macho. Haya yalianza kwa beseni.

Ilikuwa Jumamosi, soko limefurika mpaka watu wanapumua kwa zamu. Dada mmoja wa gauni la njano alikuwa amekumbatia beseni la kuogeshea watoto, akirushiana maneno na muuza vikombe. Alipogeuka, paa! Beseni likatua kwenye paji la uso la kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Dada, hata hodi?"

"Pole, kaka yangu. Ila na wewe, macho yote hayo huoni mbele?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Basi umelipwa."

Kijana akacheka huku akijipapasa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali ya kisu. Akambebea beseni hadi barabarani, akaondoka na namba ya simu na uvimbe. Kuanzia hapo yeye akaitwa Nundu, naye akamwita yule dada Chiriku, maana hanyamazi. Wakapigiana simu mpaka masikio yakapata joto. Habari za kazi hakuna aliyeuliza. Wenye mahaba wana shughuli nyingi.

Chiriku alikuwa mlezi katika kituo cha watoto wachanga. Jumatatu moja Mkuu wa kituo, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, akamleta msimamizi mpya wa walezi. Chiriku akainua macho, chupa ya maziwa mkononi. Nundu huyu hapa! Wakapeana mikono kama mabalozi, wasiseme kitu. Midomo walikuwa nayo, wakaitumia kunyamaza.

Kazi ya msimamizi pale si kukagua nepi. Kila juma hukaa na mlezi mmoja mmoja, akasikiliza: kipi kimekuelemea, ulihisi nini, safari nyingine utafanyaje? Haamrishi, hahukumu. Sharti ni moja: mlango ukifungwa, yabaki humu.

Nundu kazi hiyo aliiweza. Chiriku akafunguka.

"Yule pacha mdogo akilia natamani kukimbia. Jana nimemlaza, nimetoka nje, nikalia mimi."

"Kilio chake kinakukumbusha nini?"

Chiriku akafikiri sana. "Mdogo wangu. Mama akienda kazini ananiachia, na mimi mwenyewe bado mtoto. Akilia, nilidhani kosa ni langu."

Alitoka mle bega jepesi. Mchana ule pacha alipolia, alimweka kifuani bila kuogopa, na mtoto akalala.

Jioni simu ikaita.

"Chiriku wangu! Leo kalia nani zaidi, pacha au wewe?"

Chiriku akaacha kula.

"Nakutania, mpenzi."

"Hayo nilimwambia msimamizi wangu. Wewe umeyapata wapi?"

"Si ni mimi yuleyule?"

"Ndiyo shida yenyewe." Simu ikakatwa.

Kikao kilichofuata Chiriku alikaa wima kama yuko polisi.

"Kazi inaendaje?"

"Vizuri."

"Na pacha?"

"Mzima, bosi."

Bosi! Nundu alihisi kama amepigwa beseni la chuma. Simu zake hazikupokelewa tena. Pacha akarudi kulia, Chiriku akarudi kumbeba mabega yakiwa masikioni, na sasa alikuwa akiulizia kazi kwingine. Kwa utani mmoja Nundu alikuwa karibu kumpoteza mara mbili: kazini na moyoni.

Bahati ni kwamba msimamizi naye ana wa kumsikiliza. Akaenda kwa Mkuu, akafunga mlango, akakung'uta suruali isiyo na vumbi.

"Mama, kuna mlezi amenifungia moyo."

"Ulifanya nini kabla hajafunga?"

"Nilimtania. Kwa neno aliloniambia humu kazini."

"Ulipomtania, ulikuwa nani kwake?"

Jasho likamtoka. "Mpenzi wake, mama. Tulijuana kabla sijaja hapa, tukaficha. Ukinifukuza sitalaumu. Yeye tu asiguswe."

Mkuu akavua miwani, akaipangusa taratibu mno.

"Mwanangu, kituo kizima kinajua. Mpishi alijua siku ileile. Nikangoja mlete wenyewe, na nimengoja mno. Hilo kosa langu. Sasa chagua kiti. Viwili kwa mpigo havikaliki."

"Msikilize wewe. Mimi nipe walezi wengine."

"Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nenda."

Pumzi aliyoishusha Nundu ingejaza puto.

Siku Chiriku alipotoka kwenye kikao chake cha kwanza na Mkuu, macho mekundu lakini uso umekunjuka, Nundu alikuwa langoni.

"Nimekuja kuomba radhi. Ulinipa siri, nikaifanya mzaha."

"Umenikosea sana."

"Sana. Na leo sitauliza mmeongea nini."

"Hata kama nimekusema?"

"Umenisema?"

"Umeanza!"

Wakacheka, cheko lililokuwa limebanwa kwa majuma.

"Basi niulize lisilo la kazi," Nundu akasema. "Utakubali nikuoe?"

"Mama yangu anakungoja Jumapili. Nilimwambia zamani utakuja."

"Zamani? Hata ulipokuwa hupokei simu?"

"Nilikukasirikia, Nundu. Sikukuacha. Ni vitu viwili."

Nundu akakaa chini palepale, kando ya barabara, suruali ya pasi na yote.

"Inuka wewe, watu wanaangalia!"

"Niache kidogo," akasema. "Napumua."