Shimwa Nukta Mahari

"Mimi sikusema mahari. Nilisema mahari."

"Ndiyo hiyo. Umerudia."

"Dada, nisikirize. Si mahari ya kuoa. Mahari, kama hapa, kama pare."

"Sasa umeanza kueleweka. Ungeonyesha kidole namna hiyo ulipokuwa jukwaani, nisingewaambia wageni wa watu kwamba unauza mabibi harusi."

Walikuwa wamesimama katikati ya watu wenye vikombe vya chai, kwenye jumba la mikutano Kimihurura, Kigali, na wote waliokuwa karibu walijifanya hawasikii. Kijana aliitwa Valens. Suti yake ya kijivu ilimkaa vizuri mabegani, ila jasho lilikuwa limemwaga heshima yote. Msichana, Shimwa, hakuwa na jasho. Alivaa gauni la bluu iliyokolea na kilemba cha kitenge cha manjano, na alitafuna sambusa yake polepole huku akimtazama Valens kama mwalimu anayemsubiri mtoto amalize kulia.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kila tovuti ina jina, na kila jina lina mkia unaokuja baada ya nukta, kama ile "dot com" inayojulikana na kila mtu. Valens na mwenzake Ingrid, fundi wa kompyuta, walikuwa wanatengeneza mkia mpya kwa ajili ya tovuti za sarafu za mtandaoni, zile pesa zisizoshikika mkononi. Walichagua neno la Kiswahili: mahali. Kila sarafu iwe na mahali pake. Wazo halikuwa baya. Lakini Valens alikulia Bujumbura na ulimi wake hautofautishi L na R. Ndani ya kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi alikaa mkalimani aliyekulia Ngara, Tanzania, ambaye kwake herufi hizo ni chumvi na sukari. Shimwa alisikia mahari, akatafsiri mahari. Wageni waliokuja kuwekeza wakaambiwa, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, kwamba vijana wa Kigali wamebuni njia ya kuposa kwa sarafu za mtandaoni. Kisha mzee mmoja akainua mkono kuuliza kama ng'ombe nao watapokelewa.

"Umeniua," Valens alisema.

"Hujafa. Maiti haigombani." Shimwa alifuta vidole. "Wale pale wawili wanakutafuta kwa macho. Nenda ukazungumze nao, na ukifika kwenye lile neno, liandike kwenye karatasi."

Alikwenda. Aliporudi alikuwa anacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko suti yake. Akaomba namba ya simu, ya kazi tu, alisema. Jioni ileile alipiga kuomba somo la L.

Masomo yalianza hivyo, kwa simu. Shimwa alikuwa anasema lala, Valens anajibu rara. Shimwa anasema tulia, Valens anasema amekwisha turia zamani, ni yeye mwalimu anayemkosesha usingizi. Akawa anamwita "mwalimu wangu", halafu "chérie", halafu siku moja akasema "mpenzi" na wote wawili wakanyamaza kidogo, maana neno hilo halina L wala R na hakukuwa na cha kusahihisha. Jumapili baada ya misa walipanda kilima pamoja, Valens na shati jeupe lililopigwa pasi, Shimwa na viatu mkononi kwa sababu ya mteremko. Walikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, wakabishana nani amekula pilipili nyingi.

Mama yake Shimwa, Athanasie, aliyekuwa anauza vitenge mtaa wa Gitega, hapohapo Kigali, na kulala Ndera, pembeni ya mji, alimwona Valens mara moja tu. Hakuzunguka.

"Meno yake mazuri. Wazazi wake wanakuja lini?"

"Mama, bado."

"Bado ndiyo inayozeesha watu," alisema, akaendelea kukunja vitenge.

Basi mchana mmoja mweupe, Shimwa na mama yake walikuwa wamekaa uani Ndera wakipukuchua maharage. Simu ikaita. Namba ilikuwa ya nje.

"Shimwa?" Sauti ya mwanamume, ya furaha, yenye Kiswahili kilichochanganyika na Kinyarwanda. "Naitwa Hirwa. Niko Dubai. Nimeona picha yako mtandaoni, nikasema acha nijaribu bahati. Nimeshatoa mahari."

"Umetoa nini?"

"Mahari. Thamani ya ng'ombe na ndama wake. Nimeona imeandikwa imepokelewa, ndipo nikapiga kukusalimia."

Shimwa alitaka kusema amekosea namba, lakini alikuwa amemtaja kwa jina. Yule bwana akamtumia anwani. Ilikuwa fupi: jina lake, nukta, mahari. Aliibonyeza na maharage yakamwagika kutoka mapajani. Ukurasa mzima ulikuwa yeye. Picha ilikuwa ile ya harusi ya binamu yake, amevaa mshanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, la rangi ya zabibu, anacheka. Chini yake kulikuwa na namba yake ya kazi, na chini ya namba kitufe cha kijani kilichoandikwa "Toa Mahari". Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: imepokelewa.

Mama Athanasie alivaa miwani, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Yezu Mariya," alisema kwa sauti ya chini. "Wamekutundika kama kitenge."

Shimwa alimpigia Valens, akaiweka simu kwenye ndoo iliyogeuzwa ili mama asikie. Valens alipokea kwa furaha. Alisema lo, ameiona mapema, ilikuwa iwe zawadi ya Jumamosi. Akaeleza haraka haraka, kama mtu anayefungua zawadi ya mwenzake. Baada ya mkutano wa Kimihurura, wale wageni wawili hawakulitaka neno mahali hata kidogo. Walilipenda kosa. Vijana wenu wametapakaa duniani, walisema, na wanatafuta njia ya kutuma mahari nyumbani. Kwa hiyo yeye na Ingrid walibadilisha mkia. Sasa ulikuwa mahari kweli, na neno lilitoka kinywani mwa Shimwa. Kwa nini basi jina la kwanza kabisa lisiwe lake?

"Halifutiki, chérie," alisema. Na L aliitamka safi kabisa. Yote ilikuwa kazi ya Shimwa. "Hata tukifa litakuwepo. La kwanza."

"Ufunguo wa ukurasa huo anao nani?" Shimwa aliuliza.

"Mimi."

"Na kinachotumwa kinaingia kwa nani?"

"Kwa mwenye ufunguo. Kwangu. Lakini hakuna anayejua bado, hakuna atakayetu—"

"Hirwa wa Dubai ametuma."

Mama Athanasie aliinama juu ya ndoo.

"Mwanangu Valens, mimi ni mama yake. Kwetu mahari ya binti hupokelewa na upande wa binti. Wewe umeipokea. Kwa hiyo wewe ni baba yake, na baba haoi bintiye. Siku njema."

Akakata mwenyewe.

Shimwa hakulia mbele ya mama yake. Aliokota maharage. Kesho yake, na siku zilizofuata, hakupokea simu ya Valens hata moja, na alikuwa anaisikia ikiita kila anapotoka kwenye kibanda cha ukalimani. Kazini aliteleza kwa mara ya kwanza: waziri alisema "barabara", yeye akanyamaza, akili iko Ndera. Gitega nako wateja wa vitenge walikuwa wameona. Walimuuliza mama kama ni kweli binti ameshatolewa kwa mtu wa Dubai, na ng'ombe wangapi. Mama aliwauzia vitenge kwa bei ya juu na hakuwajibu. Kilichomuuma Shimwa hakikuwa umbeya. Alikuwa amempenda mtu huyu, alikuwa ameanza kupiga hesabu za maisha naye kimyakimya, na sasa hakujua kama aliyempenda alimwona yeye au aliona bidhaa nzuri ya kufungulia duka.

Valens alikuja Ndera kwa pikipiki, alasiri, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Shati jeupe lilikuwa na mikunjo ya mtu aliyelivaa tangu jana. Alibisha hodi getini.

Mama Athanasie alifungua, akampisha kwa heshima iliyopitiliza.

"Karibu, mzee mwenzangu. Umetuletea habari za mkwe wetu Hirwa?"

"Mama, nisamehe."

"Usiniite mama, tutachanganya ukoo. Kaa kwenye kiti kile, ndicho cha wakubwa."

Shimwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani, karibu acheke, akajiuma mdomo. Mama akaingia jikoni na kuacha mlango wazi, asije akapitwa.

Valens hakukaa. Alisema alitaka dunia nzima ijue kwamba anampenda. Shimwa akamwambia dunia nzima haikumlea; waliomlea ni wawili watatu, na mmoja wao yuko jikoni anasikiliza. Kutoka jikoni sufuria ikagonga kwa kukubali.

"Niliogopa," Valens alisema hatimaye. "Kazi yetu iko hivyo. Jina ni la anayewahi. Ukichelewa, mwingine analichukua, na hulipati tena. Nikawaza, huyu je, mwingine akiwahi?"

"Ukawahi jina."

"Ndiyo."

"Ukaniacha mimi." Sauti ya Shimwa ilipasuka hapo, akaikusanya. "Valens, mimi nilikuwepo. Kila Jumapili nilikuwepo, viatu mkononi. Hukuniuliza hata siku moja. Ulikwenda kuiuliza kompyuta."

Valens aliangalia chini, na vumbi la nyusi likaanza kushuka na machozi, akawa na mistari miwili mashavuni kama mtoto.

"Rudisha ya mtu kwanza," Shimwa alisema.

Valens alitoa simu na kuirudisha ile mahari palepale. Hirwa mwenyewe alipiga mara moja kuuliza kama amekataliwa. Shimwa akamwambia ndiyo, amekataliwa na binti mwenyewe, na ajaribu kwanza kumsalimia msichana anayefuata. Yule bwana alicheka, akasema haya dada, angalau amejibiwa.

"Sasa nipe ufunguo."

Valens aliutuma. Simu ya Shimwa ikalia: jina lilikuwa lake, yeye peke yake. Alilitazama. Lilikuwa ajabu, jina lake kurudi kwake kama mzigo uliopotelea kituoni.

"Naweza kulitupa?"

Valens akasema kufutika halifutiki, lakini kuna anwani isiyo na mwenyewe. Ukilituma huko hakuna atakayelitumia tena, si yeye, si Ingrid, si Shimwa. Ni kama kudondosha ufunguo kwenye choo cha shimo. Kisha akasema lingine, kwa sababu lilikuwa kweli na hakutaka kulificha: kesho wale wageni wawili wanakuja kuangalia mkia huu kabla hawajatia saini, na ukurasa pekee uliokamilika wa kuwaonyesha ni huo. La kwanza liko moja tu.

"Unaniomba nisitupe?"

"Hapana. Nakuambia ujue." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Toa picha kwanza. Na namba. Kitufe kile cha juu. Halafu nitakusomea anwani, ni ndefu, usikosee."

Alimsomea mwenyewe, herufi kwa herufi, taratibu, bila kuteleza. Shimwa aliandika. Mama Athanasie alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi bila kukumbuka kwa nini.

Shimwa alibonyeza.

Valens alifumba macho kama mtu aliyesikia glasi ikivunjika. Shimwa alifungua ile anwani fupi kuhakikisha. Ulikuja ukurasa mweupe, mtupu.

"Umekwisha," alisema.

"Umekwisha," Valens alijibu. Alipofumbua macho hakuangalia simu. Alimwangalia yeye, khanga, miguu pekupeku, vidole vyenye vumbi la maharage ya asubuhi, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo. "Shimwa. Nikileta wazee wangu kutoka Bujumbura, utakubali?"

Mama aliinua mwiko kutaka kusema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaacha. Shimwa alitafuta namba kwenye simu ileile, akapiga, akageuka upande wa ukuta huku mkono mmoja umeziba sikio.

"Baba mdogo Kalisa, habari za huko? Sisi wazima. Samahani kwa haraka. Jumamosi usitoke nyumbani, na mwambie baba mkubwa naye aje." Alisikiliza. "Ndiyo, wageni. Wanakuja kuniuliza." Akasikiliza tena, akamgeukia Valens. "Anataka kuongea na mposaji," alisema, akamkabidhi simu.