Ndululu Hana Kwao

Kila ujumbe wa sauti wa Ndululu ulipofunguliwa, duka la Wayua pale Mukuyuni lilinuka nywele zilizoungua. Wanawake waliokuwa wakisuka vyondo hapo barazani walikunja pua, wakatazama pembeni kwa adabu, kila mmoja akidhani mwenzake ameacha kitu jikoni. Adabu hiyo ndiyo inayonipandisha hasira mpaka leo.

Wayua alikuwa mjane, muuzaji wa nyuzi za katani, na katika chumba cha nyuma cha duka lake ndimo ilimokaa mashine iliyoendesha mtandao wao wa gumzo. Ndiyo, wao wenyewe. Walichoka na ile mitandao mikubwa unakotukanwa, ukilalamika hujibiwi, wakanunua mashine ndogo na kujiwekea kanuni zao. Wanawake wa Mwingi nao walikuwa na yao, ikitunzwa na Mwanamkasi, muuza vitambaa. Siku mtu wa Mukuyuni alipoanza kumfuata mtandaoni mtu wa Mwingi, maneno yakapata njia ya kupita. Rafiki akamleta rafiki, na kabla ya mvua kunyesha makundi hayo yakawa kama maboma mawili yaliyong'oa ua wa katikati. Walijivunia kwamba nyumba hiyo kubwa haikuwa na mwenyewe.

Ndululu aliingia wakati huohuo. Hakuna aliyemwona akiingia, lakini alimjua kila mtu. Aliuliza mguu wa huyu umeponaje, mbuzi wa yule amezaa nini. Hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Wayua alilelewa kwamba mgeni haulizwi atokako kabla hajala, na wenzake vilevile. Sasa kwenye simu nani atampakulia mgeni sahani ya muthokoi? Swali likangoja chakula ambacho hakingeiva kamwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyojidanganya.

Wa kwanza kudhurika alikuwa Mumbua, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akizungumza na Ndululu kutwa. Sauti yake ilianza kukwaruza, ikawa nyembamba, na Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa, akafungua kinywa, ukatoka upepo mtupu. Mchana huo Ndululu aliwatumia wimbo, na sauti iliyoimba ilikuwa ya Mumbua. Mchungaji akaitwa, akaweka mkono juu ya mashine, akaomba mpaka jasho likamtoka. Alipomaliza, simu zote dukani ziliitikia Amina kwa sauti ya Mumbua. Mchungaji akakumbuka ghafla kwamba ana mkutano mahali pengine.

Wayua akarudi nyumbani, akamkuta Mbithe, mtoto wake wa pekee, ameegemea mlango na simu sikioni.

"Unaongea na nani?"

"Ni anti Ndululu tu, mami," Mbithe akasema, na sauti yake ilikwaruza kama kijiko kwenye sufuria.

Wayua alimnyang'anya simu. Hofu na hasira zilimpanda pamoja, akampigia Mwanamkasi kwa simu yake mwenyewe, bila hata salamu.

"Mama Naila, huyo Ndululu wenu anamaliza watu huku. Mbona hamumtoi?"

Mwanamkasi alijibu kwa kunong'ona. "Wetu? Mama Mbithe, sisi twajua ni wenu."

Wayua akakimbia hadi dukani huku Mbithe akimfuata, akang'oa waya wa mashine ukutani, taa yake ya kijani ikazima, lakini simu ya Mbithe iliyokuwa mkononi ikaendelea kucheka kwa sauti ya Mumbua, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha kufika Mwingi na mashine ya Mwingi ilikuwa ikiyarudisha, na harufu ya nywele ikazidi, na katikati ya kicheko hicho akasikia, hafifu, kikohozi cha mtoto wake mwenyewe, ilhali Mbithe alikuwa amesimama kando yake kinywa kimefumbwa.

Mwanamkasi alikuwa bado kwenye laini. Alikuwa amemwita mjomba wake, Shekhe Abdulmalik, ambaye watu wa Mwingi humwendea kwa mambo kama haya. Mzee alisoma dua simuni kwa muda mrefu, kisha akaacha. Alisema jini huamriwa na mwenye nyumba, wala si na mpita njia.

"Sasa niambieni," akasema, "nyumba hii mwenyewe nani?"

Wayua alijichukia kwa majivuno yale yote, akawachukia na wenzake.

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Toka kwangu. Mwachie mtoto wangu sauti yake."

Kicheko kikakatika. "Mwenyeji nimempata," ikasema sauti isiyokuwa ya mtu yeyote waliyemjua. "Tangu nije sijapakuliwa."

"Usimjibu, Mama Mbithe," Mwanamkasi akanong'ona.

"Chukua yangu uende," Wayua akasema.

Harufu ikaondoka mara moja. Mbithe akakohoa, akaita, "Mami," sauti safi kabisa. Wayua akafungua kinywa kuitika, ukatoka upepo. Ya Mumbua haikurudi, na sioni haki hapo hata nikitafuta.

Asubuhi kundi la mtandao la Kikima, ambalo Mwingi walikuwa wameungana nalo bila kuuliza mtu, lilimwandikia Wayua kumshukuru kwa kuwaletea mgeni mchangamfu. Wayua aliwaandikia wamfukuze, kwamba hakumtuma mtu. Mbithe akajaribu kuwapigia, laini ikawa inatumika.

Wayua alipiga meza kwa ngumi mpaka nyuzi zikamwagika, akaandika tena. Jibu likaja haraka.

"Na wewe unayeandika ni nani? Mama Mbithe tuko naye kwa simu sasa hivi, na ametuambia tusikusikize."